Kivuli cha Kuchezea

Chumba tulichopanga Handeni kilikuwa na bati lisilo na dari. Jua likishapanda, ndani hapakaliki mpaka alasiri. Maji ya ndoo yalikuwa vuguvugu, mto wa kitanda ulikuwa na joto kana kwamba umetoka kulaliwa na mgonjwa, na mwanangu wa kiume, ambaye wakati huo ndiyo kwanza alikuwa anaunganisha maneno mawili matatu, alilala kifua wazi sakafuni akitafuta ubaridi wa saruji. Nje kulikuwa na ua, lakini ua ni wa mama mwenye nyumba, naye aliutumia wote kuanikia mahindi na nguo. Watoto wangu wakitaka kukimbia, walikimbia juu ya mahindi. Siku moja alinikuta nimechuchumaa naokota punje kwenye vumbi. Akaniambia kwa upole, "Baba, hawa watoto watafutie pa kuchezea. Wewe si upo tu?"

Hakuwa na nia mbaya. Lakini hayo maneno ya mwisho nililala nayo.

Ni kweli nilikuwepo tu. Nilikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja wa mjini, Mhindi aliyezaliwa hapa hapa, ambaye alinunua mahindi Kang'ata na Sindeni akayapeleka Tanga na Dar. Uzee ulipomzidi, watoto wake walimchukua akaishi nao Dar. Akafunga duka, akauza lori, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili na machozi yakamlenga. Sikuwa na la kumlaumu. Mke wangu ni muuguzi. Basi ikawa yeye anatoka asubuhi na sare yake, mimi nabaki na watoto. Hatukukaa kikao kuamua hivyo. Ilitokea tu, na ilivyozidi kutokea ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kuizungumza.

Binti yangu mkubwa alikuwa darasa la awali, anatoka mapema kabla ya jua la utosi. Nikawa namchukua shuleni, mdogo nimemshika mkono, halafu tunazunguka kutafuta mahali. Kutafuta huko kulinifundisha kitu ambacho miaka yote ya kuendesha sikukiona: mji wetu una viwanja, na una vivuli, lakini viwili hivyo havikai pamoja. Uwanja wa mpira ulikuwa mpana na mweupe kama sahani, mbigili kila hatua, na mwenye nafasi pale mchana ni mbuzi. Shuleni miti ilikuwepo, ila chini yake ndipo darasa la saba walipokaa kujisomea, na mlinzi alituomba tusiwasumbue. Alikuwa na haki. Kila kivuli kizuri nilichokiona kilikuwa na mtu aliyekitangulia: fundi baiskeli, muuza mihogo, wazee wa bao, pikipiki zinazosubiri abiria.

Nje kidogo ya mji kulikuwa na baa yenye bembea mbili na chuma cha kutelezea. Tulifika saa saba mchana, hakuna mtu. Nikafurahi, nikadhani tumepata bahati. Binti yangu alipanda ngazi mbio, akakaa, akajiachia. Hakupiga kelele. Alifika chini, akasimama, akajishika nyuma ya mapaja, kisha akanitazama kama mtu aliyedanganywa. Kilio kilikuja baadaye.

Jioni mke wangu alimpaka dawa palipovimba, akaniambia bila kuinua macho, "Chuma cha juani, na wewe dereva. Bodi ya lori hujawahi kuishika saa saba?"

"Nimeishika."

"Sasa?"

 Nadhani nilitaka sana siku ile iwe nzuri, ndiyo maana sikuweka hata kiganja kwanza.

Baada ya hapo yeye ndiye aliyesikia kazini kwamba Korogwe, kwenye barabara kuu, kuna mkahawa ambako mabasi makubwa husimama abiria wale, na pembeni wametengeneza mahali pa watoto. Siku yake ya mapumziko tukapanda basi sote wanne. Mke wangu alivaa gauni lake la kitenge la sherehe. Mimi nilivaa shati langu la enzi za udereva, kwa sababu ndilo lililokuwa na mifuko mizuri, na nadhani pia kwa sababu nyingine.

Palikuwa pazuri, sitadanganya. Walikuwa wametandaza wavu wa kijani juu ya miti minne, chini mchanga umemwagiwa maji, vitu vya kutelezea ni vya plastiki na havichomi. Hewa ya pale chini ya wavu ilikuwa nyingine kabisa. Tatizo ni kwamba palikuwa pa wateja. Ilibidi tukae, tuagize. Mhudumu, dada mchangamfu, akamfutia mke wangu kiti penye feni, akachukua oda ya soda za watoto, halafu akanitupia jicho mimi niliyekuwa bado nimesimama karibu na uzio nikiwaangalia.

"Na dereva wako, mama, tumpe nini?"

Mke wangu akasema, "Siyo dereva. Ndiye baba yao."

Yule dada aliomba radhi mpaka ikawa kero. Mimi nikamwambia hamna shida, nikakaa, nikanywa soda yangu. Mke wangu alicheka kwenye basi njia nzima ya kurudi, akitegemea na mimi nitacheka. Nilitazama dirishani mikonge ikipita. Nilikuwa nawaza kwamba katika yale maneno mawili, dereva na baba yao, ni lile ambalo si la kweli tena ndilo lililonipendeza zaidi kulisikia. Nikaona haya peke yangu kwenye kiti.

Mahali tulipata wiki iliyofuata, bila kutafuta. Mtaani kwetu kuna uwanja wa gulio. Siku ya gulio huwezi kupitisha mguu, lakini siku nyingine zote mabanda yamekaa matupu: mapaa marefu ya bati juu, pande zote wazi, chini saruji, na meza za saruji safu kwa safu. Tulikuwa tunatoka shule, jua liko utosini, binti yangu akanichoropoka mkono akaingia chini ya banda la katikati. Nilipomfuata nilisikia upepo. Bati lilikuwa juu sana, joto lake halitufikii, na upepo wa kutoka upande wa mashamba ulipita katikati ya nguzo bila kizuizi. Mwanangu alilala kifudifudi juu ya meza, akaweka shavu kwenye saruji, akasema, "Baridi."

Tukawa watu wa gulio. Nilifunga kamba ya lori niliyobaki nayo kwenye chuma cha paa, nikatundika tairi la pikipiki, ikawa bembea. Meza zilikuwa nyumba, duka, hospitali, basi. Watoto wa jirani wakaja, wakacheza rede na kombolela, na kujificha kulikuwa kwingi kwa sababu ya zile nguzo. Haukupita muda mama zao wakaanza kupita na madumu yao wakielekea bombani, ambako Handeni foleni inaweza kula nusu siku. Mama mmoja anayeuza maandazi akawa wa kwanza kuniambia, "Baba, niangalizie na huyu, nakuja sasa hivi." Wa pili hakuniambia hata kitu, alimwacha mtoto tu, akanipungia.

Sikukataa. Ningekataaje? Lakini ng'ambo ya barabara kulikuwa na kijiwe cha bodaboda, na mmoja wao alikuwa utingo wangu enzi za lori. Miaka ile alikuwa ananifungulia turubai na kuniitikia bosi. Siku moja aliniona natembea na watoto saba nyuma yangu, mwanangu mdogo mgongoni nimemfunga kwa kanga ya mama yake maana alikuwa amesinzia. Akasema kwa sauti ya kusikika na wenzake, "Bosi, leo umepakia mzigo gani?"

Wakacheka. Naye hakuwa na ubaya, tulitaniana hivyo miaka yote. Nikamjibu utani, wakacheka tena, nikapita. Ila kuanzia siku ile nikabadilika. Watoto wakicheza, mimi nasimama nyuma ya nguzo ya mwisho, simu sikioni, kama mtu anayesubiri kitu cha maana. Nikisikia pikipiki inapunguza mwendo, nafungua kanga haraka, namshusha mdogo. Bembea ikihitaji kusukumwa, natazama kwanza barabarani. Sikujua kama kuna mtu anayeyaona hayo. Kumbe binti yangu alikuwa anayaona yote.

Mchana mmoja barabara ilikuwa tupu, kijiweni hakuna hata pikipiki moja, kwa sababu kulikuwa na msiba mkubwa upande wa pili wa mji. Nikajisahau. Watoto walitaka lori. Nikapiga magoti na viganja kwenye saruji, wawili wakapanda mgongoni, mwanangu wa kiume akanishika shati kwa nyuma kama utingo. Nikawa nanguruma nikipanda mlima, nabadilisha gia, naomba njia. Walikuwa wanacheka mpaka wanaishiwa pumzi. Na mimi nilikuwa nacheka.

Pikipiki ikasimama mwisho wa banda. Kwa chini ya meza niliona kwanza kandambili, kisha pindo la kanga, kisha kikapu kinatuliwa chini, na ule mguu wa kushoto unaoburutwa kidogo. Alikuwa mama mkwe wangu, kutoka Sindeni. Hakutuarifu kwamba anakuja.

Mtu ambaye hakulelewa na desturi zetu anaweza asielewe. Mama mkwe wangu na mimi hatujawahi kula sahani moja, wala kukaa mkeka mmoja. Nikiingia anapokaa, nabisha hodi nikiwa bado mbali. Anaponisalimia hutazama pembeni, nami vivyo hivyo, na hivyo ndivyo tunavyoheshimiana. Na hapo mimi niko kwa miguu minne, vumbi mpaka nyusi, kanga ya binti yake imenining'inia shingoni.

Nikawashusha watoto, nikajikunyata nyuma ya meza.

Binti yangu aliniona nikijificha. Akanitazama kidogo tu, halafu akatoka mbio kwenda kwa bibi yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona mko huku peke yenu?"

"Tunacheza."

"Na baba yako?"

"Baba kasafiri," binti yangu akasema. "Ameenda na lori. Atarudi kesho."

Alisema vizuri, kwa utulivu, kama mtu aliyejiandaa. Sikumfundisha. Sikuwahi kumwambia mtoto yule neno hata moja kuhusu lori au kazi. Alikuwa ameniangalia wiki zote zile nyuma ya nguzo, akajifunza mwenyewe kwamba kuna kitu cha kufichwa, na kwamba kitu chenyewe ni mimi.

Mwanangu wa kiume, ambaye hakuwa amejifunza lolote, akaninyooshea kidole. "Baba hapa. Baba lori."

Nikasimama. Hakukuwa na namna nyingine. Nikakung'uta magoti, nikaivuta kanga shingoni nikashindwa pa kuiweka, nikabaki nayo mkononi.

"Shikamoo mama."

Alikuwa ameshageuka upande, amevuta ushungi ukamfunika uso nusu.   Kisha akasema, akiwa anaziangalia zile nguzo, "Marahaba, baba. Za safari?"

Hata leo nikikumbuka naona joto linapanda shingoni. Alikuwa ameniona. Aliyaona magoti yangu. Na bado aliuchukua uongo wa mjukuu wake, akaukung'uta vumbi, akanipa mimi niuvae.

"Safari njema, mama," nikasema.

Nikabeba kikapu, tukaenda nyumbani. Binti yangu alitembea katikati yetu bila kuinua kichwa.

Jioni mama mkwe alipokwenda kuoga, nilimfuata mke wangu jikoni alikokuwa anasonga ugali.

"Mama ulimwambia nini kuhusu mimi?"

Aliendelea kusonga. "Sikumwambia kitu."

"Miezi yote hii?"

"Akiuliza, nasema hujambo."

"Na safari?"

Akatua mwiko. "Nasema uko safarini. Ningesema nini? Wewe mwenyewe hukuwahi kulitamka hilo neno hapa ndani. Nilikuwa nakusubiri."

Sikuwa na hasira naye. Nilitoka nikakaa kwenye kizingiti. Mle ndani ya chumba kimoja nilikuwa nimefikiri kwamba aibu ile ni yangu peke yangu, naibeba mwenyewe. Kumbe tulikuwa tunaibeba sote, kila mtu kimya, kila mtu akidhani anamsaidia mwenzake.

Asubuhi nilibisha hodi nikiwa uani. Mama mkwe alikuwa ndani anakunywa chai, mimi nimesimama nje ya pazia, ambayo ndiyo njia yetu ya kuzungumza mambo mazito.

"Mama, lile lori liliuzwa," nikasema. "Sina safari. Niko na watoto."

Nikasikia kikombe kinawekwa chini.

"Najua," akasema. "Ulikuwa ukipita Sindeni unapiga honi kwenye kona ya kwetu. Tangu mahindi yavunwe sijaisikia. Nikasema labda lori limeharibika. Halafu nikasema hapana, hakuna lori linaloharibika hivyo."

"Nisamehe, mama."

"Mimi hukunikosea." Kisha akasema, "Huyu mtoto wa kike utazungumza naye mwenyewe. Mimi sitaweza."

Nilizungumza naye siku ile ile, kwenye bembea, nikimsukuma taratibu ili nisimtazame usoni. Nikamwambia alichosema kwa bibi alikisema kwa kunipenda, lakini asiseme tena. Nikamwambia baba hana lori siku hizi.

"Najua," akasema naye.

"Basi ukiulizwa, sema baba yuko na sisi."

Akaifikiria. "Wakiuliza kazi yake?"

"Sema anatafuta."

"Unatafuta?"

Swali lile lilinichoma kuliko la mtu mzima yeyote. Kwa sababu kwa kweli nilikuwa nimeacha kutafuta. Nilikuwa naogopa kuonekana nikiomba, nikaona heri nionekane nasubiri simu.

Mama mkwe alikaa kwetu mpaka gulio lililofuata, usiku akilala kwa mama mwenye nyumba. Siku hizo yeye ndiye aliyekwenda na watoto mabandani, akatandika mkeka, akachambua choroko, akawasimulia wote hadithi kwa Kizigua hata wasiokijua. Sikuweza kukaa naye pale, kwa hiyo ilibidi niende mahali. Nikaenda. Nilianzia kijiweni, kwa yule utingo wangu. Nilitegemea utani. Aliniambia shamba moja la mkonge upande wa Korogwe wanataka dereva wa trekta la kuvuta majani, kazi ya chini kuliko yangu ya zamani, na akajitolea kunipeleka. Njiani, upepo ukitupiga masikio, aliniambia kwa sauti kubwa, bila kugeuka, kwamba mtoto wake mwenyewe ni mmoja wa wale niliokuwa nawaangalia. Mama yake ndiye yule wa maandazi. Walitengana. Akasema hakupata namna ya kushukuru, ndiyo maana alikuwa ananitania. Nikampiga bega.

Kazi niliipata. Naishi Korogwe siku za kazi, mwisho wa wiki narudi Handeni. Pale mabandani sasa akina mama wamejipangia zamu, na wenye soko waliposema bembea itoe nafasi siku ya gulio, akina mama hao wakawa wanaifungua na kuifunga tena wenyewe.

Ningependa kusema kwamba aibu iliisha. Haijaisha. Jumamosi iliyopita nilikuwa chini ya lile banda na watoto wangu, nimekaa juu ya meza, mwanangu amenilalia pajani kwa joto. Wanaume wawili nisiowafahamu walipita barabarani, mmoja akatazama. Mkono wangu ukaanza kwenda mfukoni kutafuta simu, wenyewe, kabla sijauambia. Binti yangu alikuwa mbele yangu anajifunga kamba za viatu. Aliuona ule mkono. Akamaliza kufunga, akaniuliza kama nina kiu, kwa sababu bombani leo hakuna foleni.

Nikamwambia ninayo. Akachukua chupa, akakimbia juani kwenda kunichotea.